Kutuliza hofu ya kemo ni sehemu ya tiba ya saratani ya matiti

Na Mwandishi Wetu

MWANAMKE anarudi nyumbani jioni baada ya kutundikiwa dripu yake ya kwanza ya dawa za saratani ya matiti. Amechoka, lakini amefarijika kwamba siku ngumu imepita. Anakwenda haja ndogo, na anaona mkojo mwekundu. Anaingiwa na fadhaa. Anaamini kwamba dawa imemdhuru ndani na kwamba sasa anavuja damu. Hamwambii mtu, kwa kuwa hataki kuwatia watoto hofu. Usiku ule halali, na kulipopambazuka anaanza kujiuliza kama kweli atarudi hospitalini baada ya wiki tatu kwa dripu ya pili.

Mkojo ule haukuwa na damu. Ulikuwa na rangi ya dawa iitwayo doksorubisini, ambayo hutumika sana kutibu saratani ya matiti. Dawa hiyo ni nyekundu hata ikiwa ndani ya chupa yake, na huupa mkojo rangi hiyo kwa siku moja au mbili, kisha rangi hupotea. Sentensi moja tu kutoka kwa muuguzi, kabla ya sindano kuchomwa, ingemwepusha mama huyo na usiku mzima wa mateso.

Huo ni mfano tu, lakini ni mfano ambao yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa aina hii ataufahamu. Unaonyesha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: sehemu kubwa ya hofu inayowaandama wagonjwa wakati wa tiba hii ina chanzo kinachojulikana, hutokea kwa wakati unaojulikana, na ina njia ya kuitua. Hofu isipotuliwa humfanya mgonjwa aache dawa, na kuacha dawa katikati ndiko kunakompa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani kote, na watu 670,000 walifariki dunia kutokana na ugonjwa huo. Nchini Tanzania, saratani hiyo ni ya pili kwa kuwapata wanawake, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa tayari umefikia hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao ni wanawake ambao bado wana watoto wa kulea na riziki ya kutafuta.

Wengi wa wagonjwa hao hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo kando ya bahari jijini Dar es Salaam katika eneo lililokuwa hospitali tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Tiba hutolewa pia katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi na hospitali nyingine kubwa. Hata hivyo, kwa mama anayetoka Songea, Kigoma au kijiji cha ndani mkoani Singida, kupata tiba maana yake ni safari ndefu, kulala kwa ndugu wa mbali na kuwaacha watoto mikononi mwa jirani. Hofu ya ugonjwa humkuta akiwa ugenini, na hilo huiongezea uzito.

Tiba ya kemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kwa kifupi 'kemo', ni matumizi ya dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani ni za aina hiyo. Kwa bahati mbaya, zipo seli nzuri za mwili ambazo nazo hugawanyika kwa kasi, zikiwamo zile za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na tumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo huota vidonda na damu hupungua. Mambo hayo si ishara kwamba ugonjwa umeshinda. Ni athari za dawa, na nyingi kati yake hupita baada ya tiba kumalizika.

Hofu si udhaifu wa imani

Katika jamii yetu, mtu anayeishi na fadhaa ya muda mrefu husemwa kwamba 'ana mawazo'. Mara nyingi anayeambiwa hivyo huambiwa pia asiwaze sana, amwachie Mungu, ajikaze. Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini humfanya mgonjwa aone kwamba kuogopa ni kosa, na matokeo yake huificha hofu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na usemi huo unayahusu maradhi ya moyo kama unavyoyahusu ya mwili.

Ipo pia dhana iliyo kinyume chake, kwamba mgonjwa mwenye huzuni ndiye anayeikuza saratani yake kwa huzuni hiyo. Dhana hii ni mzigo usio wa haki. Mwaka 1989, daktari wa Marekani David Spiegel na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini. Matokeo yalionyesha kwamba wale waliokutana kila wiki katika kikundi cha mazungumzo waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Canada kwa wanawake 235, na kuchapishwa mwaka 2001, haukuona tofauti yoyote ya muda wa kuishi. Ulichoonyesha ni kwamba wanawake waliokuwa katika vikundi walipungukiwa na msongo wa mawazo na waliyahisi maumivu kwa kiwango kidogo zaidi.

Funzo lake ni la kiasi na la kweli. Kutuliza moyo hakuui uvimbe. Kazi hiyo ni ya dawa, upasuaji na mionzi. Wala machozi ya mgonjwa hayaulishi uvimbe huo. Lakini moyo uliotulia humwezesha mgonjwa kulala, kula, kuelewa maelezo ya daktari na, zaidi ya yote, kurudi tarehe aliyopangiwa.

Kalenda ya siku 21

Dawa inayoanza kuondoa hofu ni maelezo. Mgonjwa anayejua nini kitatokea, na lini, hashtuki kila mara mwili unapobadilika. Katika utaratibu unaotumika sana kwa saratani ya matiti, doksorubisini hutolewa pamoja na siklofosfamidi mara moja kila baada ya siku 21, kwa mizunguko minne. Wagonjwa wengi huendelea baada ya hapo na dawa ya kundi jingine, mathalani paklitakseli. Tiba yote huweza kuchukua kati ya miezi mitatu na sita, kulingana na mpango wa daktari.

Siku hizo 21 zina mtiririko wake. Siku ya dripu yenyewe na siku mbili au tatu zinazofuata, tatizo kubwa huwa ni kichefuchefu na uchovu. Kati ya siku ya saba na ya 14, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hushuka hadi kiwango cha chini kabisa. Wiki ya tatu nguvu huanza kurejea na mgonjwa hujihisi kama mtu wa kawaida. Wiki hiyo ya nafuu si ushahidi kwamba amepona na anaweza kubaki nyumbani. Ni mapumziko ambayo mwili umepewa ili ujenge upya damu yake kabla ya dawa inayofuata.

Wapo wagonjwa wanaojinunulia daftari dogo na kuandika kila siku walivyojisikia. Ukifika mzunguko wa pili, daftari hilo huwa mwongozo. Mama ataona kwamba siku ya nne ndiyo iliyokuwa mbaya, na kwamba siku ya tisa alikula ugali vizuri. Atapanga kazi za nyumbani, safari na wageni kwa kufuata kalenda hiyo, badala ya kuishi kila siku akingoja balaa.

Maelezo humsaidia pia kutambua lile linalostahili kuogopwa kweli. Joto la mwili likifikia nyuzi 38 au zaidi wakati chembe nyeupe zimeshuka, hiyo ni dharura, na mgonjwa anapaswa kufika hospitalini siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Katika nchi zetu wengi huona homa na kuamua kwamba ni malaria, wakanunua dawa dukani na kulala. Kwa mgonjwa wa kemo, uamuzi huo unaweza kugharimu maisha, kwa sababu maambukizi ya bakteria huweza kuenea katika damu kwa saa chache. Kipimajoto cha nyumbani ni kitu kidogo, lakini humwondolea mgonjwa kazi ya kukisia.

Kabla ya dripu ya kwanza, mgonjwa na ndugu anayemsindikiza wana haki ya kuuliza: nitapewa dawa gani, mara ngapi, itanifanyia nini, ni dalili ipi nikiiona nisisubiri, na nimpigie nani simu usiku? Ni vyema maswali yaandikwe nyumbani, kwani mbele ya daktari hofu huyafuta kichwani. Mwanamke ambaye bado anatamani kuzaa aulize mapema, kabla ya dawa kuanza, kwa kuwa dawa hizi huweza kusimamisha hedhi kwa muda au moja kwa moja. Vilevile asidhani kwamba hedhi ikikatika hawezi kupata mimba. Anapaswa kujikinga katika kipindi chote cha tiba kwa njia isiyotumia homoni, kama vile kondomu.

Siku nywele zinapoanza kutoka

Kwa wanawake wengi, siku nywele zinapobaki kwenye mto huwa nzito kuliko hata siku ya sindano. Hapo ndipo ugonjwa uliokuwa siri unapojitangaza. Kwa dawa zilizotajwa hapo juu, nywele huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dripu ya kwanza, na nyusi na kope huweza kufuata. Huanza kuota tena wiki chache baada ya tiba kwisha, ingawa mara nyingine huja zikiwa na mkunjo au rangi tofauti na ya awali.

Jambo linalosaidia hapa ni kuitangulia siku hiyo. Wapo wanaonyoa kabisa mapema, mikononi mwa dada au rafiki wa karibu, badala ya kungoja nywele ziwatoke kidogo kidogo kila asubuhi. Wapo wanaoandaa vilemba, mitandio au wigi wakiwa bado na nywele zao. Mwanamke anayejifunga ushungi au kilemba siku zote ana nafuu fulani mbele za watu, lakini nyumbani naye hujiona kwenye kioo, hivyo asidhaniwe kwamba hilo halimuumi. Watoto nao waambiwe kabla. Mtoto aliyeambiwa kwamba dawa ya mama itaondoa nywele zake kwa muda ataona zimetoka na kuelewa kwamba dawa inafanya kazi yake. Asiyeambiwa chochote atajitungia jibu lake mwenyewe, nalo kwa kawaida huwa baya kuliko ukweli.

Kichefuchefu kinachotangulia sindano

Baadhi ya wagonjwa hupatwa na jambo linalowashangaza wao wenyewe. Wakifika mzunguko wa tatu au wa nne, huanza kutapika kabla dawa haijaingia mwilini. Harufu ya sabuni ya hospitali, sauti ya toroli la dawa, au kuliona tu lango la hospitali kupitia dirisha la daladala, kunatosha kuwachafua tumbo. Wengine huhisi wamerogwa, na wengine huambiwa kwamba wanadeka.

Sayansi ina maelezo yake. Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula hufikia hatua ya kudondosha mate kwa kuusikia mlio huo tu. Ubongo wa mgonjwa hufanya vivyo hivyo: umejifunza kwamba harufu ile hufuatwa na kutapika, nao hutangulia. Hakuna uchawi hapo wala udhaifu wa tabia.

Kinga kubwa ya hali hii ni kuzuia kutapika tangu mzunguko wa kwanza kabisa. Dawa nzuri za kuzuia kichefuchefu zipo, ikiwamo ondansetroni, na hutakiwa kutumiwa kwa saa zilizoelekezwa hata kama mgonjwa hajaanza kujisikia vibaya. Mama aliyetapika mara tano baada ya dripu ya kwanza asikae kimya akidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Amweleze daktari, kwa kuwa dawa zinaweza kubadilishwa au kuongezwa. Hali ikiwa imeshaanza, mazoezi ya kulegeza mwili husaidia, na daktari anaweza pia kuandika dawa ya kutuliza wasiwasi kabla ya siku ya tiba.

Wasiwasi unaoletwa na dawa

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba si kila wasiwasi wa mgonjwa hutoka katika mawazo yake. Mwingine hutoka ndani ya kopo la vidonge. Deksamethasoni, ambayo hutolewa kuzuia kichefuchefu na mzio, huweza kumkosesha mtu usingizi na kumfanya awe na hasira au fadhaa kwa siku kadhaa, kisha akajihisi ameishiwa nguvu na furaha anapoiacha. Mgonjwa anaweza kumuuliza daktari kama inawezekana kuimeza asubuhi badala ya jioni.

Metoklopramidi, dawa ya siku nyingi ya kuzuia kutapika, kwa baadhi ya watu huleta hali ya kutotulia: miguu haikai, mtu hukaa na kuinuka, huzunguka chumbani na kuhisi kama anataka kuikimbia ngozi yake. Ndugu humwona na kusema ana wazimu au mapepo, kumbe kinachotakiwa ni kumwarifu daktari haraka ili dawa hiyo ibadilishwe. Aidha, upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio na pumzi ziwe fupi, dalili zinazofanana kabisa na za hofu kuu. Maumivu yasiyotulizwa na kukosa usingizi navyo huzaa wasiwasi. Kwa hiyo, kabla ya kuambiwa kwamba 'ni mawazo tu', mgonjwa anastahili kupimwa na dawa zake kupitiwa upya.

Mazoezi yasiyohitaji fedha

Mwaka 2023, vyama viwili vya kitaalamu, kile cha madaktari wa saratani nchini Marekani (ASCO) na kile cha tiba shirikishi za saratani (SIO), vilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Miongoni mwa njia zilizopendekezwa ni mazoezi ya utulivu wa akili, yoga kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, muziki, na mazoezi ya kulegeza mwili. Mwaka uliotangulia, ASCO ilikuwa imependekeza pia mazoezi ya viungo kwa wagonjwa walio katika tiba ya kuponya. Mengi ya hayo hayahitaji mashine wala chumba maalumu.

La kwanza ni kupumua polepole. Mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti cha dripu, aweke mkono mmoja tumboni, avute pumzi kwa pua huku akihesabu hadi nne, kisha aitoe taratibu akihesabu hadi sita. Tumbo ndilo linalopaswa kuinuka, si mabega. Dakika tano zinatosha kuupunguza mwendo wa moyo. Zoezi hili lifanywe nyumbani kwanza siku za utulivu, ili siku ya hofu ikifika mwili uwe umeshalizoea.

La pili ni kukaza na kulegeza misuli. Mgonjwa hukunja ngumi kwa nguvu kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha huiachia ghafla na kuutazama utulivu unaoingia mkononi. Hufanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo, mapaja na nyayo. Njia hii iliasisiwa na daktari wa Marekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliyefanyiwa upasuaji aache kuukaza upande wenye kidonda, na mkono wenye sindano ya dripu upumzike.

La tatu ni kutembea. Dakika kumi asubuhi wakati jua halijawa kali, na kumi jioni, zikiongezwa kidogo kidogo kadiri nguvu zinavyoruhusu, hupunguza uchovu, jambo ambalo huonekana kama kinyume cha akili lakini limethibitishwa. Siku za homa, kizunguzungu au damu ndogo sana, mgonjwa apumzike.

Sala, kusoma Kurani au Biblia, kusikiliza kaswida, kwaya au taarabu aliyoipenda ujanani, navyo vina nafasi yake. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, dua ndiyo inayotangulia mengine yote, na hakuna daktari mwenye busara anayeipinga. Tahadhari ni moja: faraja ya imani iandamane na dawa, isichukue nafasi yake. Vivyo hivyo, mgonjwa anayetumia miti shamba asimfiche daktari, kwa sababu baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyozishughulikia dawa.

Nyumbani, mahali hofu inapokua au kupungua

Mgonjwa hukaa hospitalini saa chache kwa mzunguko. Siku nyingine zote yuko kwa watu wake. Huko ndiko maneno huponya au kuua. Mgeni anayekuja kumpa pole kisha akasimulia habari za jirani aliyefariki kwa saratani hiyohiyo, humwachia mzigo wa wiki nzima. Wifi anayemtengea kikombe na sahani humwambia, bila kutamka, kwamba yeye ni najisi. Ieleweke wazi: saratani ya matiti haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kulala kitanda kimoja, kwa kukumbatiana wala kwa tendo la ndoa. Kwa siku chache baada ya dripu, wanandoa hushauriwa kutumia kondomu kwa sababu ya mabaki ya dawa, si kwa sababu ya ugonjwa.

Mume ana nafasi ya pekee. Wanawake wengi huogopa zaidi kuachwa kuliko kufa, hasa titi likiwa limeondolewa. Mume anayemsindikiza mkewe walau siku ya kwanza, akakaa kando ya dripu na kusikia maelezo kwa masikio yake, humpa mkewe dawa ambayo hospitali haina. Akina mama wakwe na mashangazi, ambao sauti zao ni nzito katika familia, wanaweza kukomesha minong'ono kwa neno moja.

Msaada wenye faida huwa wa vitendo: kuchota maji, kumpikia mgonjwa uji, kuwapeleka watoto shule, kukesha naye. Badala ya kumwambia 'usiogope', ni heri kumuuliza, 'Dada, leo kinachokusumbua zaidi ni nini?' kisha kunyamaza na kusikiliza.

Tena, hakuna anayeweza kumtuliza mgonjwa kama yule aliyekwisha kuipita njia hiyo. Mwanamke aliyemaliza mizunguko yote, ambaye nywele zake zimeota na anauza maandazi yake kama zamani, ni ushahidi unaotembea. Hospitali zinaweza kuwakutanisha wagonjwa wapya na watu kama hao bila gharama kubwa. Huko Zimbabwe, mpango uitwao Friendship Bench, ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, uliwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye fadhaa wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba dalili zao zilipungua. Washona huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo ni ndugu wa 'mawazo' yetu.

Tanzania nayo ina funzo lake yenyewe. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, ilieleweka kwamba vidonge peke yake havitoshi. Mgonjwa alipewa ushauri nasaha kwanza, ili asiviache njiani. Mgonjwa wa saratani anastahili heshima ileile.

Lini atafutwe mtaalamu

Ipo hofu inayotulia kwa maelezo na mazungumzo, na ipo inayohitaji tiba. Katika hospitali nyingi duniani mgonjwa huulizwa ataje, kuanzia sifuri hadi kumi, jinsi alivyofadhaika katika wiki iliyopita. Akitaja nne au zaidi, huchunguzwa kwa undani. Ni swali ambalo hata ndugu anaweza kuliuliza nyumbani.

Dalili za kutopuuzwa ni kukosa usingizi siku nyingi mfululizo, kulia kila siku, kuacha kula pasipo kichefuchefu, kutopendezwa na chochote kwa zaidi ya wiki mbili, kushtukiwa na hofu kali yenye kutetemeka na kukosa pumzi, kukataa kwenda hospitalini, na kusema kwamba ni afadhali kufa. Anayetamka neno hilo la mwisho asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari mara moja. Sonona ni ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na, inapobidi, kwa dawa. Dawa hizo ziandikwe na daktari anayefahamu tiba ya saratani ya mgonjwa, kwa kuwa baadhi yake, kama fluoksetini na paroksetini, huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni, dawa ambayo wagonjwa wengi huendelea nayo kwa miaka baada ya kemo.

Lisisahaulike suala la fedha. Nauli, malazi, vipimo na dawa zisizopatikana hospitalini ni chanzo cha hofu kilicho halisi kuliko vyote, na hakiondolewi kwa kupumua polepole. Mgonjwa asiye na uwezo asitoroke kwa aibu. Aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya tarehe yake kupita, na aeleze ukweli wote.

Tumrudie yule mama wa mwanzo. Siku ya dripu ya pili inakaribia, naye bado anaamini kwamba dawa inampasua. Hahitaji kuhubiriwa ujasiri. Anahitaji mtu mmoja wa kumwambia kwamba rangi ile ni ya dawa, kwamba siku ya kumi akihisi joto aje mbio, kwamba dawa ya kutapika itaongezwa, na kwamba dada yake atalala naye usiku ule. Akiyapata hayo, atapanda basi na kwenda.